Kabla Hujakata Tiketi: Kupima Safari ya Ndege kwa Kilomita na kwa Saa

Kutoka Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi kiwanja cha Mwanza ni kama kilomita 850 angani. Kwa barabara, ukipitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, ni zaidi ya kilomita 1,100. Ndege ya jeti huumaliza mwendo huo kwa saa moja na nusu hivi. Basi litakuchukua mchana kutwa na sehemu ya usiku. Majibu haya simu yako inakupa mara moja ukiiuliza. Lakini anayepanga safari kwa majibu haya peke yake ndiye tunayemkuta kiwanjani akibembeleza kaunta iliyofungwa, au amekosa ndege ya pili kwa kuwa ya kwanza ilichelewa nusu saa, au amefika siku moja baada ya ndege yake kuondoka.

Tiketi ya ndege ni fedha nyingi kwa familia zetu, na mara nyingi anayesafiri amesukumwa na jambo zito: mgonjwa wa rufaa anapelekwa Hospitali ya Bugando, Mwanza, kuna msiba, kuna usaili wa kazi, kuna mzigo wa duka unaongoja Dubai. Tiketi za bei ya chini kwa kawaida hazirudishiwi fedha. Ndiyo maana naona kila msafiri anapaswa kuijua hesabu hii mwenyewe, asiishie kumtegemea wakala.

Tuanze na kilomita, maana ndizo rahisi. Kila kiwanja kina anwani yake duniani kwa nyuzi za latitudo na longitudo. Dar es Salaam ipo nyuzi 6.88 kusini na 39.20 mashariki, Mwanza ipo 2.44 kusini na 32.93 mashariki. Huku kwetu karibu na ikweta, uzi mmoja ni kama kilomita 111, uwe wa latitudo au wa longitudo. Tofauti ya latitudo ni 4.44, sawa na kilomita 493. Tofauti ya longitudo ni 6.27, sawa na kilomita 696. Zidisha kila namba kwa yenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeo cha pili, kama tulivyofundishwa pembetatu shuleni: unapata 853. Vipimo vya kitaalamu vinatoa 851. Kwa kalamu na karatasi umekosea kilomita mbili tu.

Hesabu hiyo ifanye kwa safari za hapa Afrika Mashariki. Ukiipeleka Ulaya itakudanganya, kwa sababu kadiri unavyoiacha ikweta ndivyo nyuzi za longitudo zinavyokaribiana. Kule London uzi mmoja wa longitudo ni kama kilomita 69 tu. Safari ndefu zipime kwa kipimo cha umbali kilichomo kwenye ramani za simu, au chukua tufe la dunia na uzi wa cherehani, uunyooshe toka mji hadi mji. Na ukikuta mahali umbali wa Dar es Salaam na Mwanza umeandikwa 460, usishtuke. Marubani hupima kwa maili za baharini, na maili moja ya baharini ni mita 1,852.

Tufe hilo lina somo jingine. Chukua safari ya Nairobi hadi New York, ambayo Kenya Airways iliianza bila kituo tarehe 28 Oktoba 2018. Ni karibu kilomita 11,840. Ukipiga mstari kwa rula juu ya ramani ya ukutani, mstari utapita Kongo, Nigeria na Mali. Ukinyoosha uzi juu ya tufe, utapanda kaskazini kupitia Sudan Kusini, Chad, Niger na Algeria, na katikati yake itaangukia Morocco. Njia ya tufe ndiyo fupi. Ramani bapa ndiyo inayotupotosha, kwa kuwa imelinyoosha umbo la mviringo ili likae kwenye karatasi. Abiria wengi wanaotazama kiramani kilicho mbele ya kiti hudhani rubani anazunguka bila sababu, kumbe amechukua njia ya mkato.

Sasa tuzigeuze kilomita ziwe saa. Kwanza jua ni ndege gani, kwa maana ndege hazilingani. ATR 72, ile ya mapangaboi inayoonekana sana katika viwanja vyetu, husafiri kwa kasi ya kama kilomita 500 kwa saa. Dash 8-Q400, nayo ya mapangaboi, hufika 650 hivi. Airbus A220 ni kama 830, na Boeing 787 ni kama 900. Vindege vidogo vya Cessna Caravan vinavyokwenda mbugani na visiwani ni kama 300. Kwa hiyo Mwanza ile ile ni saa moja na nusu kwa A220, saa moja na dakika arobaini na kitu kwa Q400, na saa mbili au zaidi kidogo kwa ATR. Aina ya ndege huandikwa kwenye tiketi au kwenye ukurasa wa kununulia, lakini wengi hawaitazami. Itazame.

Kama huijui ndege lakini unajua ni jeti, tumia kanuni hii: gawanya kilomita kwa 800, kisha ongeza nusu saa. Nusu saa hiyo ni ya kusukumwa kutoka maegesho, kutembea hadi njia ya kurukia, kupanda, kushuka, kujipanga kutua na kurudi maegesho. Muda ulioandikwa kwenye tiketi unayahesabu yote hayo. Hauanzii pale magurudumu yanapoiacha ardhi. Tuijaribu. Dar es Salaam hadi Nairobi ni kilomita 665: dakika 50 na nusu saa, jumla saa moja na dakika 20. Dar es Salaam hadi Dubai ni takriban kilomita 3,970: saa tano na nusu kasoro dakika mbili. Ukilinganisha na ratiba za mashirika utaona tofauti ni ndogo.

Kanuni hiyo inavunjika mwendo unapokuwa mfupi sana. Dar es Salaam hadi Zanzibar ni kilomita 73 tu. Hapo ndege hata haifiki kwenye kasi yake, na dakika 20 hivi zinatosha.

Inayumba pia kwenye mwendo mrefu, na mwenye kuiyumbisha ni upepo. Juu sana, kilomita tisa hadi kumi na mbili kutoka ardhini, katika maeneo yaliyo mbali na ikweta, kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndiyo maana ile safari ya Nairobi kwenda New York hupangiwa kama saa 15, na kurudi kama saa 14, ingawa kilomita ni zile zile. Anayekwenda anapigana na upepo na anayerudi anasukumwa nao. Katika safari zetu za ikweta mkondo huo hautuhusu sana. Kinachotuhusu ni mawingu ya radi. Msimu wa mvua, wingu kubwa likisimama karibu na Ziwa Victoria, rubani analizunguka au anasubiri angani lipite, na dakika zako 90 zinakuwa 110. Hizo dakika 20 zikubali kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa zinalinda uhai wako.

Kuna na anga zinazofungwa. Vita vilipoanza Sudan mwezi Aprili 2023, ndege za abiria zilizotoka Afrika Mashariki kwenda Ulaya au Misri zililazimika kuizunguka anga ya nchi hiyo kubwa. Mstari wa kwenye tufe haukubadilika, ila ndege hazikuweza kuufuata, na muda uliongezeka. Ratiba ya shirika lenyewe ndiyo inayobeba mambo haya. Hesabu yako ya mkononi haiyajui. Zikipishana kwa dakika kumi, sawa. Zikipishana kwa saa nzima, uliza sababu: huenda ndege inatua mahali kuchukua abiria wengine.

Saa za kwenye tiketi

Hapa ndipo watu wetu wanapoumia, na hapa nitakaa kidogo.

Tiketi hutumia saa za kizungu, tena mara nyingi kwa mtindo wa 24. Ukiona namba kati ya 07:00 na 18:59, toa sita: 14:20 ni saa nane na dakika ishirini mchana. Ukiona 19:00 hadi 23:59, toa kumi na nane: 21:45 ni saa tatu na dakika arobaini na tano usiku. Ukiona 00:00 hadi 06:59, ongeza sita: 05:00 ni saa kumi na moja alfajiri. Andika saa ya Kiswahili kwa kalamu juu ya tiketi yako iliyochapwa, na umwandikie hivyo hivyo mzazi au bibi anayesafiri peke yake.

Hatari kubwa iko baada ya saa sita usiku. Ndege nyingi za kwenda Ghuba na Ulaya huondoka viwanja vyetu usiku mkubwa. Tuseme tiketi imeandikwa tarehe 12, saa 00:30. Hiyo ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 12, maana yake unatakiwa uwe kiwanjani tarehe 11, saa tatu na nusu usiku. Kwa namna tunavyohesabu siku katika maisha yetu, mtu anaishi tarehe 12 mchana kutwa, anafunga mizigo, anaaga jirani, anafika kiwanjani usiku na kuambiwa ndege yake iliondoka usiku uliopita. Nimeona familia nzima imesimama na masanduku yake kwa kosa hili, watoto wamevalishwa nguo mpya. Kwa tiketi ya namna hii usiseme kamwe "usiku wa tarehe 12" unapowaaga watu. Sema "usiku wa kuamkia tarehe 12", na hakuna atakayekosea, wewe wala dereva wako.

Jambo la pili: kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika. Saa ya kuondoka ni ya unakotoka, saa ya kufika ni ya unakokwenda. Tanzania, Kenya na Uganda wanatumia saa zinazolingana. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, yaani Goma, Bukavu na Lubumbashi, wako nyuma yetu kwa saa moja. Kinshasa wako nyuma kwa saa mbili. Oman na Falme za Kiarabu wako mbele kwa saa moja. Sasa chukua Dar es Salaam na Kigali, kilomita 1,143, safari ya kama saa mbili kwa jeti. Ukiondoka Dar es Salaam 08:00, tiketi itasema unafika Kigali 09:00. Ukiondoka Kigali 08:00, itasema unafika Dar es Salaam 11:00. Mtu asiyejua ataona kwenda ni saa moja na kurudi ni saa tatu, aamini kwamba ndege ya kurudi ni mbovu au inapitia kwingine. Ni saa mbili kwenda, saa mbili kurudi.

Ulaya na Marekani wana jambo la ziada: saa zao husogezwa mara mbili kwa mwaka. London huwa nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi, na mabadiliko hufanyika Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. New York huwa nyuma kwa saa nane, kisha saba. Kwa hiyo anayeondoka Nairobi saa 23:30 mwezi Januari, akaruka saa 15, hufika New York saa 06:30 asubuhi inayofuata. Saa za ukutani zinaonyesha saba tu; mwili wako umekaa kwenye kiti saa 15. Ukitaka muda wa kweli wa kuruka, zigeuze saa zote mbili ziwe za nyumbani kwanza, ndipo utoe. Dawa za kumeza kwa saa, kama za kisukari au shinikizo la damu, zihesabu kwa muda huo wa kweli, na ulizungumze na daktari kabla ya kusafiri.

Kiwanja kipi?

Umbali kati ya viwanja viwili una maana kama viwanja ndivyo hasa unavyovitaka. Miji mingi ina zaidi ya kimoja. Nairobi ina Jomo Kenyatta, kinachoandikwa NBO, na Wilson, kinachoandikwa WIL, na kati yao kuna foleni ya mji mzima. Dubai ina DXB na DWC. London ina Heathrow, Gatwick na vingine. Hapa nyumbani, anayekwenda Arusha anaweza kuuziwa tiketi ya Kiwanja cha Kilimanjaro (KIA), yaani JRO, kilicho kama kilomita 50 kutoka mjini, au ya kiwanja kidogo cha Arusha, ARK, kilichopo Kisongo. Anayekwenda Moshi KIA inamfaa zaidi. Soma herufi tatu zilizo kwenye tiketi, wala usiridhike na jina la mji.

Mlango hadi mlango

Sasa turudi kwenye safari ya Mwanza na tuihesabu kama inavyokuwa kweli. Unakaa Tegeta na ndege yako ni ya saa tatu kamili asubuhi. Kwa safari ya ndani, fika kiwanjani saa mbili kabla. Kaunta hufungwa mapema kuliko watu wanavyodhani, na muda wake hutofautiana kati ya shirika na shirika, kwa hiyo usome kwenye masharti ya tiketi. Kutoka Tegeta utashuka Barabara ya Bagamoyo hadi Mwenge, upite Sam Nujoma hadi Ubungo, Mandela hadi Tazara, kisha Barabara ya Nyerere. Siku ya kazi, foleni ikianza, hiyo ni saa moja na nusu au mbili. Kwa hiyo unatoka nyumbani saa kumi na moja na robo alfajiri. Unatua Mwanza saa nne na nusu. Ukiwa na begi kubwa, lisubiri nusu saa. Kisha teksi au daladala hadi mjini, nusu saa nyingine. Umefika saa tano na nusu. Safari ya saa moja na nusu imekuwa ya saa sita na zaidi, na kilomita zile 850 zimechukua robo tu ya muda huo.

Ningependa kila mtu apime safari yake hivi kabla ya kulipa, kwa sababu hesabu hii ndiyo inayosema kama ndege inafaa kweli. Kwa Mwanza inafaa bila ubishi. Kwa Zanzibar, mkazi wa Kariakoo au Upanga afikirie mara mbili: boti ya kasi huchukua kama saa mbili na inaanzia katikati ya mji na kukushusha Malindi, wakati ndege ya dakika 20 inakutaka kwanza uende kiwanjani na usubiri. Kwa Dodoma, kilomita 390 angani, treni ya reli ya kisasa (SGR) iliyoanza kubeba abiria hadi huko mwaka 2024 inatoka katikati ya Dar es Salaam na kumaliza safari ndani ya saa nne. Mimi kwa Dodoma napanda treni. Anayetoka Kipawa au Gongo la Mboto, jirani na kiwanja, ana haki ya kuamua vingine.

Kwa safari ya nje, fika saa tatu kabla. Na kama unaunganisha, tuseme umetoka Mwanza na unapandia Dar es Salaam kwenda Dubai, kumbuka kwamba ndege za ndani na za nje hazitumii jengo moja. Za nje ziko Jengo la Tatu. Kama tiketi zako ni mbili tofauti, utachukua mizigo yako mwenyewe, utahama jengo, na utajisajili upya kama abiria anayetoka nyumbani. Usikubali nafasi iliyo chini ya saa nne kati ya kutua na kuondoka. Kama ni tiketi moja, shirika lina wajibu wa kukutafutia ndege nyingine endapo ya kwanza itachelewa, na mizigo kwa kawaida husajiliwa hadi mwisho. Thibitisha hilo kaunta kwa kutazama herufi kwenye kibandiko cha begi. Tofauti ya bei kati ya tiketi moja na mbili mara nyingi ni ndogo kuliko gharama ya kulala mji wa watu.

Ukishamaliza hesabu yote, mpigie simu anayekupokea. Mwambie jina la kiwanja, namba ya ndege, saa ya kutua kwa saa za kwake, na tarehe kwa maneno ya "usiku wa kuamkia" kama unatua usiku. Kisha mwombe akurudishie maneno hayo uyasikie.